Silingi ya Umau

Harufu ya mkojo wa panya haifanani na nyingine. Si kama ya mbuzi, ambayo mtu huizoea, wala si kama ya choo cha shimo, ambayo upepo ukigeuka unapata nafuu. Hii huingia puani ikakaa, kali na nzito, kama nguo iliyolowa ikasahaulika ndani ya gunia. Mwezi uliopita nilifungua kabati la jikoni katika nyumba ninayopanga hapa Emali, kabati ambalo mpangaji aliyenitangulia aliliacha na unga ndani, na harufu hiyo ikanipiga usoni. Nilirudisha mlango, nikatoka nje, nikasimama uani nimeshika kiuno. Mwanangu akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi Mutomo, nina miaka kumi na mmoja, niko kwa Susu na Umau.

Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, na Umau ni babu. Hawa walikuwa wazazi wa mama yangu. Mama alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Makindu, ya wasafiri na madereva wa malori, na chumba alichokodi hakikutosha watu wawili, basi mimi nikaachwa Mutomo nisome shule ya huko. Nilipewa jina la Susu, Mutheu, maana yake msafi. Na kwa kuwa nilikuwa na jina la mkewe, Umau aliniita bibi yangu mdogo, na kila nilipomletea chai alimwuliza Susu kama haoni wivu.

Umau alikuwa fundi wa mawe. Nyumba ile aliijenga mwenyewe alipokuwa kijana, mawe yake aliyavunja kilimani, akayapanga kwa udongo na kupiga plasta ya simiti kwa nje, akaezeka mabati. Kisha akafanya jambo ambalo upande wetu hakuna aliyekuwa amelifanya: akaweka silingi, dari ya bodi chini ya mabati. Bodi alizitoa Emali kwa lori, akazipima, akazikata, akazigongomea kwenye mbao. Nilisimuliwa kwamba wageni wa siku zile, kabla ya kukaa, walisimama kwanza wakainua nyuso.

Mimi niliikuta imezeeka. Katikati ilikuwa imelegea, imening'inia kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, na kila mahali ilikuwa na madoa ya rangi ya chai, moja ndani ya jingine. Yale madoa yalikuwa mkojo. Panya waliishi huko juu kama watu wenye hati ya shamba. Mchana kweupe ulisikia miguu yao ikikimbia kutoka ukutani hadi ukutani, halafu kimya, halafu kitu kikivutwa taratibu, na Umau akiwa mezani anakula atainua kichwa aseme, "Leo wanahamisha kabati." Alisema hivyo kila mara, na kila mara alicheka peke yake.

Susu hakucheka. Susu alipigana. Magunia ya ndengu na mahindi aliyapandisha juu ya mbao na matofali. Mashimo aliyajaza vipande vya chupa na simiti, lakini udongo kati ya mawe ulikuwa laini, na panya walichimba kando ya simiti wakatokea pale pale. Tulikuwa na paka, akala panya aliyekula sumu, akafa chini ya kitanda changu. Na sumu yenyewe ilikuwa na matokeo mengine. Panya akishakula anarudi kwake kufia, na kwake ni juu ya silingi.

Jumapili moja akina mama wa kanisa walikuja kwetu kuomba. Walikuwa kama kumi, wamefumba macho, mmoja akiongoza, na mimi niliyekuwa nimefumbua jicho moja nikaona kitu cheupe kikianguka kutoka kwenye ufa wa silingi hadi kwenye sahani ya chapati. Kikajikunja. Kikafuata kingine. Cha tatu kiliangukia Biblia ya Mama Ndanu, jirani yetu, iliyokuwa wazi mapajani. Yule mama alifumbua macho, akamtazama yule funza akitembea juu ya maandiko, akamdondosha kwa ncha ya kidole, akafumba macho tena akaendelea kuitikia maombi. Nafikiri hilo ndilo lililomuumiza Susu zaidi. Chapati zilirudi jikoni zote, na wageni wakanywa chai kavu wakisifu mvua.

Jioni ile Susu alimwambia Umau, "Hiyo silingi itoke."

"Itatoka siku nitakayotoka mimi," Umau akasema.

"Sisi tunaishi chini ya choo, Baba Kioko."

"Basi ziba mahali wanapoingilia. Silingi haikosi kitu."

Maneno hayo niliyasikia mara nyingi. Yeye mwenyewe hangeweza tena kupanda ngazi, kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa sukari na miguu yake ilikuwa mibaya.

Lazima niwaambie kuhusu hiyo miguu, ingawa hata sasa nikiandika mate yananijaa mdomoni. Ilikuwa imevimba na kung'aa vifundoni. Kucha zilikuwa za manjano, nene kama pembe, zimejikunja kuingia nyamani. Visigino vilikuwa na nyufa ambazo ungeweza kuingiza sarafu. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe na laini, ikitoka yenyewe ukiigusa, na harufu yake ilikuwa kama ya maziwa yaliyoachwa kwenye kibuyu kisichooshwa. Kila jioni, jua likiwa bado juu ya kilima, Susu aliketi kwenye kigoda na beseni la maji vuguvugu, akaiosha, akaikausha kidole kwa kidole kwa kitambaa safi, akaipaka mafuta ya kujipaka, akaivisha soksi. Mimi wakati huo nilijitafutia kazi mbali. Nilikwenda kufungia mbuzi hata waliokwisha kufungiwa.

Likizo ya Agosti ikafika, magunia yamejaa, panya wameongezeka maradufu. Akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano Makindu, na Susu, ambaye sikuwahi kumwona akilala nje ya nyumba yake, akasema anakwenda, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Aliniita jikoni.

"Miguu ya Umau utaiosha wewe," akasema. "Ukaushe katikati ya vidole. Umpake mafuta, umvishe soksi. Usiache hata siku moja. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Umau, aliyekuwa akisikiliza kutoka nje, akasema sasa anabaki na bibi mdogo na tutaona nani anajua kutunza mume.

Alhamisi niliiosha. Nilivuta pumzi nyingi nje ya mlango, nikaingia, nikafanya haraka, nikatoka kupumua, nikarudi. Umau aliniona.

Ijumaa nilipofungua mkebe wa mafuta ya kujipaka nilikuta panya wametoboa kifuniko. Ndani kulikuwa na alama za meno, manyoya mafupi ya kijivu yamenasa kwenye mafuta, na vinyesi vitatu vyeusi vimezama nusu. Niliutupa wote chooni. Duka lilikuwa mwendo wa dakika ishirini na sikutaka kwenda. Kwa hiyo nilichukua kopo la mafuta ya kupikia, yale yaliyoganda, nikachota kwa vidole. Maji niliyamwaga juu ya miguu tu, sikuisugua. Sikukausha. Nilipaka mafuta upesi upesi huku nimegeuza uso. Soksi za jana zilikuwa zimekauka kama ngozi na zikinuka, nikazisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

"Soksi je?" Umau akauliza.

"Nimezifua, Umau. Hazijakauka."

Alinitazama, kisha akatazama miguu yake iliyokuwa ikimeremeta. "Sawa," akasema. "Asante, bibi yangu."

Asubuhi nilimpelekea chai. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na yeye alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, akisikiliza redio. Blanketi lilikuwa limepanda hadi magotini. Niliona shuka kwanza, doa jekundu lililoanza kuwa kahawia, kubwa kuliko sahani. Halafu nikaona kidole gumba cha mguu wa kulia. Ncha yake haikuwepo. Ilikuwa imetafunwa kwa mpangilio, kama mtu anavyokula hindi, mistari midogo ya meno moja kando ya nyingine, na nyama ya ndani ilikuwa nyeupe na nyekundu, mbichi, yenye unyevu. Kwenye shuka kulikuwa na alama za miguu midogo ya damu, zikitoka kitandani kuelekea ukutani.

Kikombe kilinidondoka.

"Nini?" Umau akauliza. Akafuata macho yangu. Alikitazama kidole chake muda mrefu, kama mtu anayeangalia kitu cha jirani.

"Umau, hukusikia?"

Aliinama, akashika mguu, akabonyeza kidonda kwa ukucha wake. Akabonyeza tena, kwa nguvu, ukucha ukazama ndani hadi damu ikaanza upya. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Mimi ndiye niliyepiga magoti nikatapika sakafuni, juu ya chai iliyomwagika.

"Panya akiuma huwa anapuliza," akasema hatimaye. "Ndiyo maana mtu hasikii."

Hilo nililijua. Hata shuleni kila mtoto alilijua, kwamba panya hupuliza kwa pumzi yake baridi huku akila. Nikaamini kabisa. Kisha nikamwona akileta vidole vyake puani, akinusa. Akanitazama. Nilijua amenusa nini.

"Kalete maji ya chumvi," akasema. "Na lile kopo la jikoni, lifunike vizuri."

Nilileta maji. Nilileta kipande cha leso kuukuu, nikamfunga, mikono ikitetemeka, na safari hii sikugeuza uso. Nikasema nimpigie Susu simu. Akasema hapana, mwache, kwenda kwake ni mara moja, atarudi Jumapili. Badala yake akanituma kwa Anko Kioko, kaka ya mama, aliyekuwa na boma lake ng'ambo ya korongo. "Mwambie aje na nyundo na mtaimbo," akasema. "Silingi inatoka leo."

Anko Kioko hakuamini. Alikuja akauliza mara mbili, "Baba, una hakika?" na Umau, ambaye tulikuwa tumemketisha kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni na mguu wake ndani ya mfuko wa plastiki, akamjibu kwa kuonyesha mlango.

Tulitoa viti na kitanda. Anko akajifunga shati puani, akapanda ngazi, akapiga bodi ya kwanza. Haikuvunjika. Ilipasuka kwa sauti ya unyevu, kama mkate uliolowa, na vitu vikaanza kushuka. Vinyesi vilitiririka kama mtu anamwaga mchele mweusi. Vumbi likapanda, na ile harufu ikatoka mlangoni ikiwa na uzito wa kitu unachoweza kukishika. Yalianguka magunzi, ndengu zilizooza, soksi mbili za Umau, vipande vya sweta ya Susu ya kanisani, na kurasa za kitabu changu cha hesabu ambacho mwalimu alinichapa kwa kukipoteza. Walianguka panya waliokufa zamani, wamekauka kama viatu, na mmoja ambaye hakuwa amekauka. Panya wazima waliruka kwa makumi, wakampitia Anko kichwani na mabegani, naye akiwa juu ya ngazi akisema, kwa sauti ya chini na ya upole sana, "Yesu, Yesu, Yesu."

Halafu vikaanguka viota. Ndani yake walikuwemo watoto, uchi, wa rangi ya waridi, macho hayajafunguka, wakijipindapinda. Nilikuwa nawasukuma nje kwa fagio huku nimefumba macho nusu. Kuku wakaja mbio. Sitaki kueleza sana. Kuku walikula wote, wakafukuzana uani mmoja akiwa na mkia umening'inia mdomoni, na mimi sikula yai hadi nilipoingia sekondari.

Bodi moja ilitoka nzima. Kwenye upande wake wa juu, chini ya uchafu, kulikuwa na namba za penseli, vipimo ambavyo Umau aliviandika siku anaikata. Aliomba aletewe. Akaifuta kwa kiganja, akazisoma zile namba kwa sauti, akaitikia kwa kichwa kana kwamba hesabu ilikuwa sahihi. "Choma," akamwambia Anko.

Tulizichoma zote. Anko alitumia siku ile na asubuhi ya Jumapili, badala ya kwenda kanisani, kuziba pengo lililokuwa kati ya ukuta na mabati, kwa wavu wa waya na simiti, na kubandika bati chini ya mlango. Mimi niliosha kuta kwa maji ya sabuni hadi mikono ikachubuka. Nyumba ikawa na mwangwi. Ukikohoa, ilikujibu.

Susu alifika Jumapili alasiri. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akainua uso kama wale wageni wa zamani, akaona mabati. Alifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani atalia kwa furaha. Kisha pua yake ikacheza. Kulikuwa na harufu nyingine ndani ya nyumba, tamu kidogo, ambayo mimi na Umau tulikuwa tumeizoea kwa siku mbili. Susu aliifuata hadi kitandani, akafunua leso. Kidole kilikuwa cheusi na kile cha pili yake kilikuwa kimeanza.

Hakupiga kelele. Aliuliza ilitokea lini, nikamwambia usiku wa Ijumaa. Kisha akauliza, "Ijumaa nani aliosha hii miguu?"

"Mimi mwenyewe," Umau akasema. "Mtoto nilikuwa nimemtuma. Nikapaka kilichokuwa karibu."

Susu akanitazama. Nikatazama sakafu.

Anko Kioko alimpeleka hospitalini kwa pikipiki, Susu ameketi nyuma akimshikilia. Walimkata vidole viwili. Daktari alisema angefika siku ile ile angepoteza kimoja, pengine hata hicho wangekiokoa. Alirudi baada ya wiki tatu na akaishi miaka mingine saba, akitembea kwa fimbo, kiatu kimejazwa kitambaa mbele. Panya hawakurudi, ila mmoja mmoja wakati wa mavuno. Aliendelea kuniita bibi yangu mdogo, na yale mafuta hakuyataja tena, hata mara moja.

Mimi niliyabeba. Niliyabeba shuleni, Umau alipofariki niliyabeba hadi kaburini nikarudi nayo, na nilipoolewa nikayabeba. Nilikuwa nimejihukumu kwamba nina kasoro moyoni, kwamba watu wengine wakimpenda mtu hawaoni kinyaa, na mimi nilimpenda Umau na bado nilishindwa kumgusa.

Baada ya siku ile ya kabati nilipanda gari nikaenda Mutomo. Susu sasa ni mzee sana, lakini bado anajua kazi ya mikono. Tuliketi uani tukimenya mbaazi, nikamwambia yote, mafuta ya kupikia, soksi chini ya kitanda, uongo. Alinisikiliza bila kusimamisha vidole vyake.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Kwenye kopo kulikuwa na alama za vidole vidogo. Na Umau wako tangu anioe hakuwahi kujipaka mafuta, hata usoni."

"Na hukunisema?"

Akamenya ganda moja, la pili, la tatu. "Ule mkutano wa Makindu ulikuwa wa siku mbili, Mutheu. Siku nyingine nilikuwa kwa mama yako, nimelala tu kwenye godoro lake. Nilikuwa nimechoka na ile miguu. Kila jioni nikimaliza kuiosha nilikuwa naenda nyuma ya jiko natapika, nanawa mdomo, ndipo napika. Miaka minne. Nikajiambia, huyu ni mtoto, labda yeye hatasikia kinyaa."

Nilimuuliza kama Umau alijua hilo la nyuma ya jiko.

"Miguu ndiyo ilikuwa haisikii," Susu akasema. "Masikio yake yalikuwa mazima."

Akanisogezea ungo, tukaendelea. Nilikaa nikifikiria mtu mzima, fundi aliyejivunia mikono yake, ambaye kila jioni alisikia mkewe akitapika kwa sababu yake, akangoja arudi, akasema asante. Nilifikiria jinsi alivyonitazama ile Ijumaa nikisema soksi hazijakauka. Hakuwa amedanganyika. Alikuwa ameona kwa mtoto kile alichokuwa akikisikia nyuma ya jiko kwa miaka minne, na hakutaka mtoto aadhibiwe kwa jambo ambalo hata mtu mzima aliyempenda kuliko wote alilishinda kila siku kwa shida. Siku zile mbili alizokataa nipige simu zilimgharimu kidole cha pili. Nadhani alizitumia kungoja mikono yangu iache kutetemeka.

Susu alipochoka nilimletea maji ya vuguvugu nikamwosha miguu. Ni safi miguu yake, mikavu, haina kidonda. Hata hivyo nilihisi kichefuchefu kikipanda, cha zamani kile. Nilikiacha kiendelee kupanda, nikamkausha kidole kwa kidole.